Pima Kabla ya Kumimina

Kila asubuhi wafugaji walipanga foleni kwenye kituo cha maziwa. Mama Mizani, mpimaji wa kituo, aliwapimia uzito, kisha maziwa yote yakamiminwa katika tangi moja la kupozea. Ndivyo walivyozoea tangu serikali ilipokuwa mnunuzi, na serikali ilipokea hata yaliyoanza kuchachuka. Sasa serikali imejitoa. Kituo ni chao wenyewe, na mnunuzi mpya ni mfanyabiashara asiyebembelezeka. Mara mbili amekataa tangi zima. Akikataa mara ya tatu, harudi tena, na kituo kinafungwa.

Mgeni njoo, mwenyeji apone, husema watu. Lakini asubuhi ambayo mnunuzi angekuja mara ya tatu, alipofika mtaalamu wa maziwa kutoka nchi jirani, wenyeji walinuna. Walinong'ona kwamba watu wa ng'ambo ya mpaka hawana la kuwafundisha. Juzi tu walikuwa hohehahe. Mtaalamu aliwasikia, akacheka. Alikiri kwamba hata kwao kituo chake kilifungwa, tena kwa kosa hilihili la kumimina bila kupima.

"Samaki mmoja akioza, wote wameoza," alisema. "Mbona kwenye maziwa mnasahau?"

Akamwonyesha Mama Mizani. Chota maziwa kidogo kwenye kila ndoo, uyatie katika kichupa. Tia spiriti kiasi kilekile, tikisa. Yakibaki laini, mimina. Yakifanya chembechembe, rudisha.

Ndoo nne zilipita. Ya tano ilikuwa ya kaka yake Mama Mizani, aliyemlea baada ya baba yao kufa. Akatikisa kichupa. Maziwa yakafanya chembechembe.

Mama Mizani aliogopa, na nani asingeogopa? Kumwaibisha mlezi wako mbele za watu si mchezo.

"Kaka, nisamehe. Haya hayaingii."

"Leo mgeni amekuwa ndugu, na mimi ndiye mgeni?"

"Yakiingia, tunafunga sote. Na wewe pia."

Kaka alibeba ndoo yake, akaondoka bila kuaga.

Saa nne mnunuzi alifika. Alipima maziwa ya tangi, akapima tena kama asiyeamini. Kisha akaunganisha mpira, maziwa yakaanza kuingia katika lori lake. Watu walishangilia. Mama Mizani alikaa nyuma ya mizani, akalia.

Mchana mtaalamu alikwenda nyumbani kwa kaka. Alikuta ndoo ya plastiki yenye mikwaruzo, na ndani ya mikwaruzo mlikuwa na mabaki ya maziwa ya jana. Akamweleza atumie kopo la chuma, alioshe kwa sabuni na maji ya moto, kisha aliinamishe likauke. Kaka alisikiliza huku amekunja uso.

Kesho yake alikuwa wa kwanza kwenye foleni, na kopo la chuma mkononi. Mama Mizani alitaka kumpitisha tu, maana roho ilimwuma. Kaka akaushika mfuniko wa kopo, asimimine.

"Pima kwanza, mdogo wangu," alisema kwa sauti, kila mtu asikie. "Na yakiharibika, unirudishie tena."

Mama Mizani akapima. Yalikuwa laini, akayamimina.