Sanduku Chini ya Kitanda

Kila asubuhi, kabla ya kwenda shule, Cheche aliinama kuchungulia chini ya kitanda cha mama yake. Akiliona sanduku la kahawia, alishusha pumzi, akaenda zake. Akifika njia panda, shaka ilimrudia, naye alirudi mbio kuchungulia tena. Ndiyo maana alichelewa shule, na mara nyingine alifika na viatu visivyofanana au bila begi kabisa.

Jina la Cheche alipewa angali mdogo, kwa kuwa hakuwahi kutulia. Alianza kazi tatu asimalize hata moja. Alijibu maswali kabla hayajaulizwa. Mama yake alikuwa dobi, akipiga pasi makoti ya madaktari katika chumba cha mbele cha nyumba yao. Alimpenda mwanawe, lakini uchovu ulikuwa umemfika shingoni. Majirani nao hawakukosa la kusema. Walimkumbusha kwamba mtoto umleavyo ndivyo akuavyo.

Siku moja Cheche aliachiwa pasi kwa dakika mbili tu. Paka akapita dirishani, naye akamfuata. Aliporudi, koti lilikuwa limeungua mgongoni. Mama hakumpiga. Alivuta sanduku, akatia nguo zake, akasema kwa sauti ya chini, "Umenishinda. Naondoka, utafute mama mwingine."

Akatoka, akajibanza nyuma ya ukuta. Alitaka tu kumtia adabu. Aliporudi baada ya muda mfupi, alimkuta mtoto ameketi sakafuni, kimya, akadhani dawa imefanya kazi.

Tangu siku hiyo Cheche aliuogopa mlango. Kila ulipolia alishtuka. Darasani aliisikia sauti ile ya chini ikisema "naondoka", hata katikati ya somo la hesabu. Aliomba ruhusa ya kwenda msalani mara nne kwa kipindi kimoja, ili achungulie barabarani. Wenzake walimtania kwamba tumbo lake lina tundu. Alicheka nao, lakini moyoni alikuwa na hofu kubwa.

Siku ya mtihani wa mwisho wa mwaka, alimwona dirishani mwanamke mwenye mtandio wa buluu kama wa mama yake, amebeba sanduku, anaelekea kituo cha basi. Cheche aliacha kalamu, akatoka mbio. Alimfikia, akamshika nguo. Mwanamke aligeuka. Hakuwa mama yake.

Aliporudi, karatasi zilikuwa zimekusanywa. Mwalimu mkuu alimwita mama, akamweleza kwamba kwa mwendo ule shule haingeweza kuendelea na mtoto wake. Mama alifura kwa hasira, akaanza kumkaripia Cheche mbele ya watu. Ndipo mwalimu wa darasa akamuuliza mtoto alikuwa akimkimbilia nani.

"Nilidhani ni Mama," alisema Cheche. "Nilidhani leo anaondoka kweli."

Mama akaketi.

Kwa ushauri wa mwalimu huyo, walikwenda kwa daktari wa watoto. Baada ya kuwaona mara tatu, alieleza kwamba Cheche alizaliwa na hali ya kushindwa kutulia na kukaza mawazo. Hali hiyo haikuwa kiburi, wala haikuletwa na malezi mabaya, na angeweza kusaidiwa.

"Ila anabeba mizigo miwili," aliongeza. "Mmoja amezaliwa nao. Huu wa pili, hofu ya kuachwa, unamzidishia ule wa kwanza. Nao wewe unaweza kumtua."

Jioni ile mama alimketisha mwanawe kando yake. "Nilikudanganya, mwanangu. Sikuwa naenda popote. Nilikosea, nisamehe."

Cheche alifikiri. "Na nikiunguza koti lingine?"

"Nitakasirika, na nitakusema. Halafu tutakula pamoja, na asubuhi utanikuta."

Shule, ilipoelezwa hayo, ilimruhusu kurudia mtihani. Mwalimu alimkalisha mbele, akampa kazi kidogo kidogo, na Cheche akamaliza karatasi yote. Hata hivyo hofu haikuisha kwa siku moja. Nyumbani aliita "Mama!" bila sababu, mara kumi kwa saa, na kila mara mama aliweka pasi pembeni akaitika.

Jirani mmoja alimuuliza kama hachoki kuitika.

"Mtoto tumkanye, lakini tusimtishe kwamba tutamwacha," mama alijibu. "Neno la kuondoka nililisema mara moja tu, akaliamini. La kubaki inabidi nilirudie mpaka atakapoliamini nalo."