Supu ya Mwani Siku ya Mahojiano

Siku ya maonyesho ya vyuo vya nje, ukumbi ule wa Busan ulijaa mpaka mtu akitaka kujikuna lazima aombe nafasi. Wazazi walikuwa wamewashika watoto wao viwiko, wakiwavuta kutoka meza ya Kanada kwenda ya Australia kama watu wanaochagua samaki sokoni. Eunsol, mwenye koti la rangi ya haradali, alikuwa amepanga foleni saa nzima mbele ya meza ya chuo kimoja cha Norway. Sasa alikuwa anajipenyeza kutoka, faili kifuani, sauti ilipomwita kutoka meza ndogo ya pembeni.

"Dada wa koti la njano! Nakala yako ya matokeo haina mhuri wa mthibitishaji. Ukiituma hivyo watakutupia mbali."

"Umeionaje na imo ndani ya faili?"

"Faili lako linaonyesha kila kitu, hata picha ya pasipoti. Siku hiyo nani alikuudhi?"

Eunsol alitaka kukasirika, akajikuta anacheka. Kijana mwenyewe alikuwa amevaa shati jeupe, mikono imekunjwa mpaka kwenye viwiko, na kidole chake cha shahada kilikuwa chekundu kwa wino wa mhuri. Aliitwa Jaerim. Alikuwa mfasiri wa vyeti katika ofisi ya mama mmoja aitwaye Bi Tak, na siku nzima alikuwa amekaa pale akikagua karatasi za watu bure.

"Una miaka mingapi, wewe unayeita watu njano?" Eunsol alimuuliza.

"Ishirini na sita."

"Mimi ishirini na minane. Basi nipe heshima yangu."

"Heshima utaipata ofisini, dada. Jumatatu, saa nne asubuhi. Usisahau cheti halisi."

Alikwenda Jumatatu. Akarudi Jumatano, ingawa Jumatano hakuwa na karatasi yoyote. Bi Tak, mwanamke mfupi mwenye miwani ya kamba, aliwatazama kutoka nyuma ya kabati lake, akaguna, akaongeza kikombe cha tatu cha kahawa.

Eunsol alikuwa amekwisha kuomba chuo kile mara mbili, na mara mbili alikataliwa. Hakutaka Ulaya kwa ajili ya kupiga picha kwenye theluji. Mama yake alilima mwani huko Gijang, bandari iliyo mwendo wa basi kutoka mjini, na kila mwaka bahari ilipozidi joto, mwani uliozea kwenye kamba kabla ya kuvunwa. Eunsol alifanya kazi katika maabara ya kiwanda cha mwani mjini, akipima kilichokwisha kuharibika. Alitaka kusoma sababu, na chuo kile ndicho kilichokuwa na watu waliojua. Hii ilikuwa mara yake ya mwisho. Alijiapiza kwamba akikataliwa tena, hataomba kamwe.

Kwa hiyo mapenzi yao yalikua katikati ya karatasi. Jaerim alitafsiri vyeti vyake, akasahihisha barua yake mara nane, akampigia simu kila jioni.

"Umekula, dada?"

"Nimekula. Wewe je, dogo?"

"Dogo ndiye nani? Hapa anazungumza mpenzi wako."

"Mpenzi wangu hana adabu. Jana kaniita Eunsol tu, bila dada, mbele za watu."

"Eunsol. Eunsol. Eunsol. Kanishtaki."

Eunsol alikata simu huku anatabasamu peke yake kwenye basi, na abiria wa jirani akamwangalia kwa huruma. Lakini kulikuwa na jambo moja ambalo wote wawili walilizunguka. Kila mhuri Jaerim aliougonga ulikuwa unamsogeza mpenzi wake mbali, na hakuna aliyethubutu kusema, "Halafu sisi?"

Mwezi wa Februari chuo kiliandika. Safari hii kilitaka kumhoji, kwa video, Alhamisi, saa kumi na moja jioni. Eunsol alimweleza Jaerim, lakini hakumwambia mama yake. Mara mbili alizokataliwa, mama alikuwa amewatangazia majirani wote wa bandari, na Eunsol hakutaka aibu ya tatu. Alimwapisha Jaerim kwamba naye hatafungua mdomo.

Alhamisi yenyewe, saa sita mchana, mlango wa chumba chake ukagongwa. Jaerim alisimama pale na sufuria iliyofungwa kwa kitambaa cha buluu. Eunsol alifungua kifuniko, mvuke ukampiga usoni, akaona mwani unaelea, mweusi, laini.

Kila mtoto wa nchi ile anajua: siku ya kuzaliwa, supu ya mwani; siku ya mtihani, usiisogelee hata kwa harufu. Mwani unateleza, na anayeteleza amefeli.

"Hii nini?" aliuliza polepole.

"Nisikilize kwanza, kuna—"

"Siku zote za mwaka, Jaerim! Miezi minne unanigongea mihuri, kumbe unangoja leo?"

"Eunsol, mpenzi—"

"Kama hutaki niende, ungesema kwa kinywa chako. Nenda zako, nina mtihani."

Mlango ulifungwa. Akazima simu, akaimwaga supu yote kwenye sinki, na harufu ya mafuta ya ufuta ikabaki chumbani kama mgeni asiyejua kuaga.

Saa kumi na moja maprofesa watatu walitokea kwenye kioo cha kompyuta. Maswali mawili ya kwanza aliyajibu kama kasuku. La tatu liliulizwa na mzee mwenye sweta lililotoboka: kwa nini mwani, na kwa nini yeye? Jibu alilolikariri wiki mbili likamtoroka. Alichobakiwa nacho ni hasira na ile harufu, akaamua kusema ukweli.

Aliwaeleza kuhusu supu. Kwamba mwanamke akijifungua hulishwa hiyo, kwamba kila mtu huinywa siku aliyozaliwa, na kwamba leo mtu amemletea na yeye ameimwaga kwa woga, msomi mzima. "Mama yangu ana miaka sitini na miwili," alisema. "Kila asubuhi anavuta kamba akiwa na hofu kwamba atakuta hazina kitu. Nataka kujua nimwambie nini." Mzee alivua miwani yake na kuandika kwa muda mrefu.

Siku nne Eunsol hakupokea simu ya Jaerim wala kusoma ujumbe wake. Siku ya tano mama yake akapiga simu.

"Haya mwanangu, supu ilikuwaje?"

"Supu gani, mama?"

"Ya Alhamisi, siku yako ya kuzaliwa! Umesahau kuwa sisi tunahesabu siku ya kuzaliwa kwa mwezi wa angani? Umezoea kalenda ya ofisini mpaka umejisahau mwenyewe. Nilimpigia yule kijana wako, nikampelekea mwani wa kwanza wa mwaka kwa basi. Mwanzo alisitasita, kama aliyekwamwa na mwiba kooni. Nikamwuliza, kwani hujui kupika? Akasema, 'Nitapika, mama.'"

Eunsol alikaa chini. Jaerim angemkataliaje mama bila kumweleza sababu, na sababu yenyewe si ndiyo ile siri aliyoapishwa? Mficha uchi hazai, wahenga walisema, na yeye alificha mpaka akamtwika mwenzake mzigo. Akamsimulia mama yake kila kitu, bila kupunguza.

"Yaani," mama akasema, "umemwaga mwani wangu wa kwanza?"

"Nimekosa, mama."

"Kosa lako liko kwake. Mimi nitakugombeza ukija."

Alimkuta Jaerim ofisini, anapanga karatasi zilizokwisha kupangwa. Alikuwa amekonda kidogo, au labda shati lilikuwa kubwa.

"Mama ameniambia," Eunsol alisema. "Nisamehe."

"Usinisafishe haraka hivyo." Jaerim hakuinua macho. "Ningeweza kuileta baada ya mahojiano. Nilijua saa. Lakini nilipokuwa nakoroga ile sufuria nilijisemea: akiteleza, atabaki. Nikaileta mchana. Nimejichukia siku tano."

Eunsol alivuta kiti. Iliuma, lakini iliuma kama kidonda kinachooshwa.

"Na mimi nikwambie langu," alisema. "Nilipoiona ile supu, kabla ya hasira, nilifurahi. Nilisema moyoni, sasa nikifeli nina wa kumlaumu, na sitalazimika kukuacha."

Walitazamana. Jaerim alianza kucheka yeye kwanza, macho yamejaa maji.

Mwezi wa Aprili barua ilikuja: amekubaliwa. Alikimbia nayo mpaka ofisini, akiwa bado na koti jeupe la maabara. Jaerim alimkumbatia, akamzungusha, kisha akakaa kwenye meza yake, akatoa fomu ya kibali cha kuishi na kuvaa sauti yake ya kazi, kwa sababu ile nyingine ilikuwa inatetemeka.

"Jina kamili ninalo. Muda wa masomo, miaka miwili. Mwenza atakayefuatana na mwanafunzi..." Kalamu ilisimama. "Hapa watu wengi tunawaandikia 'hakuna'."

"Usiandike," Eunsol alisema. "Ngoja kwanza nimuulize."

Jaerim aliinua kichwa.

"Unatafsiri Kiingereza ukiwa popote, dogo. Huko kuna baridi, na mimi sijui kupika chochote. Utafuatana nami?"

"Fomu inataka cheti cha ndoa," Jaerim alisema kwa sauti ndogo.

"Ofisi ya wilaya inafungwa saa kumi na mbili. Sasa ni saa kumi."

"Wanataka na mashahidi wawili."

Nyuma ya kabati kiti kilisogezwa. Bi Tak alitokea na mhuri wake mkononi, miwani imepanda kichwani.

"Wa kwanza huyu hapa," alisema. "Wa pili, mpigieni mama. Ashuke stesheni ya wilaya, na aje na mhuri wake wa kutia sahihi."

Jaerim aligeukia fomu, akaandika jina lake kwenye nafasi ile, herufi moja baada ya nyingine, kwa mwandiko mzuri kuliko aliowahi kumwandikia mteja yeyote.