Spika ya Kulia

Ndiyo, sisi pia tulikuwa tunahamisha. Usidhani mambo haya yameanza na hiyo kompyuta yako. Unaniambia sidii moja ina sauti za spika tano, unazitoa zote, unazihifadhi, na haipungui hata pumzi ya mwimbaji. Haya, mashaallah. Sisi tulikuwa na sauti mbili tu, ya kushoto na ya kulia. Tulizitoa kwenye santuri tukazitia kwenye kaseti, na kila ukihamisha, kitu kilipungua. Lakini hizo mbili karibu zivunje harusi ya watu hapahapa Tanga, mtaani kwetu Makorora. Kaa nikusimulie, na wenzako wakae.

Alikuwepo jirani yangu mmoja akiitwa Zubeiri. Mwaka wenyewe siukumbuki vizuri, mimi si mtu wa kalamu, lakini foleni za sabuni na sukari zilikuwa zimeanza kupungua, na vitu vinaingia kutoka Mombasa, betri, vitenge, kaseti tupu. Zubeiri akazinunua hizo kaseti dukani kwa Juzer, akafungua kazi ya kurekodi katika chumba chake cha mbele. Ukitaka taarabu, unakwenda kwake.

Alikuwa na binti, Asmahani, yuko darasa la sita. Akitoka shule anavua viatu, anakula kilichopo, kisha anaingia chumbani kumsaidia baba yake. Anaifuta santuri kwa kitambaa laini, anaweka sindano taratibu, halafu wote wawili kimya mpaka wimbo uishe. Wakati ule wimbo ulihamishwa kwa mwendo wake wenyewe. Ukiwa mrefu, unausubiri.

Zubeiri alikuwa na mwiko mmoja. Hakutoa kaseti kwenye kaseti, hata siku moja. Kila kaseti aliitoa kwenye santuri yenyewe. Watu wakimlalamikia kwamba anachelewa, huwaambia nazi ukiikamua mara ya kwanza unapata tui, ukirudia unapata maji meupe, na yeye hauzi maji meupe.

Basi mtaa wa pili akatokea Idarusi, naye akaanza kuuza kaseti. Santuri hana hata moja. Alichokuwa akifanya ni kumtuma mtu anunue kaseti mpya ya Zubeiri, kisha anaunganisha redio mbili kwa waya, anatoa kopi, na kwenye kopi anatoa kopi nyingine, mpaka sauti inatoka kama mtu anayeimba ndani ya pipa. Na juu ya ganda anaandika jina la Zubeiri.

Mnaona ubaya huo? Aliyeharibu ni mwingine, aliyetukanwa ni Zubeiri. Watu walimrudia wakiwa wamekasirika. Bibi mmoja alimtupia kaseti kifuani, mbele ya Asmahani. Na shuleni wenzake Asmahani wakampa jina, wakawa wanamwita "mtoto wa kaseti za mafua", wanavuta pua kila akipita.

Asmahani alijua mwizi ni nani. Santuri moja ya baba yake ilikuwa na mkwaruzo, wimbo ukifika mahali fulani inafanya tik, tik. Akaisikiliza kaseti ya Idarusi, na yenyewe tik, tik, palepale. Akaenda kumwambia baba yake. Zubeiri, mtu mpole yule, akasema amwachie Mungu, kila mtu ana riziki yake.

Asmahani hakumwachia Mungu. Alikaa na hasira ile kama mtu anayeviringa kamba, kila siku anaongeza uzi mmoja. Usicheke, mtoto wa darasa la sita anaweza kuweka kisasi kuliko mtu mzima, maana hana kazi nyingine ya kumsahaulisha.

Redio ya Idarusi ilikuwa na spika mbili, lakini ya kulia imekufa zamani. Mtaa mzima tulijua, maana aliipiga barazani kila jioni. Asmahani akaona mlango hapo, kitakachotiwa upande wa kulia Idarusi hatakisikia. Siku baba yake alipokwenda Maramba, alichukua santuri mpya kabisa, ambayo hakuna mtu mwingine aliyekuwa nayo mjini. Sauti ya wimbo akaipeleka yote upande wa kushoto. Upande wa kulia akachomeka maiki, na vyombo vilipoanza kupigwa peke yake katikati ya wimbo, akasema maneno yake.

Akaiweka kando ile kaseti. Alipokuja yule mtu anayetumwa na Idarusi, ambaye alishamjua kwa sura, akampa hiyo, na akamwambia karibu tena. Usiku ule, alikuja kusema mwenyewe baadaye, alilala usingizi mtamu kama aliyekunywa asali. Alikuwa akimwona Idarusi anauza zile kaseti kwa watu wenye redio nzima, na wao wanamrudishia usoni.

Lakini Idarusi hakuziuza. Alipoona ana wimbo mpya, aliufungia, asubiri siku ya watu wengi. Na siku hiyo ikapatikana. Tausi, jirani yetu, alikuwa anamwoza binti yake Mwanamkasi kwa kijana wa Tongoni. Zubeiri jina lake limeshaharibika, kwa hiyo Tausi akamwomba Idarusi ndiye apige muziki.

Siku yenyewe mpishi nilikuwa mimi. Pilau nimeshaipalia makaa, wageni wa Tongoni wamefika, nikaha imekwisha kufungwa msikitini, imebaki watu kula, kisha bwana harusi aingie ndani kwa mkewe. Juzer alikodisha spika zake kubwa mbili, moja imewekwa kushoto kwa turubai na nyingine kulia. Idarusi akasimama, akatangaza kwamba sasa mtasikia kitu ambacho Tanga haijasikia. Akabonyeza.

Wimbo ukaanza, mzuri. Wakati huohuo ndugu wa kike wa bwana harusi wanaingia, mbele yao shangazi yake, mama mnene, mikufu ya dhahabu mpaka kifuani. Vyombo vikabaki peke yake, na spika ya kulia ikasema, kwa sauti nyembamba, taratibu, ya dharau:

"Umezoea vya watu, vya kwako huna. Uso huo unauleta mbele za watu bila haya? Mwenyewe unajijua."

Sasa sikilizeni. Kwetu sisi mpasho hautaji jina. Ndiyo adabu yake, na ndiyo sumu yake. Asmahani aliutunga kama alivyosikia wakubwa wanavyotunga, hakumtaja Idarusi. Na neno lisilo na jina humwangukia yeyote mwenye kidonda. Yule shangazi, masikini, ile dhahabu alikuwa ameiazima.

Akasimama palepale. Akamwita Tausi mbele ya wote, akamuuliza kama ndiyo makaribisho ya Makorora haya, kumtuma mtoto atukane wageni kwenye spika. Tausi akaapa hajui lolote. Shangazi akawaambia watu wake hakuna kunawa mikono, hakuna kula, wanarudi Tongoni na kijana wao wanamchukua. Wanawake wa huku nao wakaanza kujibu, kwamba mtu haumwi na neno ila likiwa na ukweli ndani yake. Juzer akawa anazunguka na kusema, "Mimi nimekodisha spika tu, matusi yenu sikuyaleta." Na Idarusi anachomoa waya polepole.

Asmahani alikuwa chumbani kwa bibi harusi. Mwanamkasi ndiye aliyekuwa akimsuka nywele tangu mdogo. Alimtazama yule dada amekaa kitandani na hina yake, wanja unamtiririka mpaka kidevuni, anauliza amemkosea nani. Ile asali yote ya kisasi ikamgeukia mdomoni. Akinyamaza, hakuna atakayejua, na Mwanamkasi atakuwa ameolewa na kuachwa siku moja. Akisema, aibu ni yake na ya baba yake.

Akatoka. Akapenya katikati ya wakubwa mpaka kwa yule shangazi, akapiga goti.

"Shikamoo, shangazi. Ile sauti ni yangu. Sikukusema wewe."

"Nani kakutuma?"

"Hakuna aliyenituma. Namsema aliyeiba kaseti za baba yangu."

Shangazi hakuamini. Akasema ni ujanja wa kumwokoa Tausi. Ndipo Zubeiri akaja mbele, amesawijika, akachomeka waya tena, akarudisha ile kaseti nyuma, akaizima spika ya kushoto. Wimbo ukapotea. Ikabaki sauti ya binti yake peke yake, na nyuma yake tukamsikia jogoo wa Zubeiri anawika uani. Zubeiri akasema maiki ile ni yake na jogoo yule ni wake, na kaseti ile imerekodiwa kwake.

Shangazi akamgeukia Idarusi, taratibu. "Na wewe bwana, kaseti umeitoa wapi?"

Mmeona alivyobanwa? Akisema ni yake, tusi ni lake. Akisema ni ya Zubeiri, basi yeye ndiye aliyesemwa.

"Kumbe mwenyewe yupo," shangazi akasema, na wanawake wa pande zote mbili wakampigia vigelegele vya kumsuta mpaka akainama. Siwadanganyi, nami nilicheka. Asmahani peke yake hakucheka.

Zubeiri alitaka kumchapa palepale. Tausi akamshika mkono.

"Na wewe Zubeiri una lako," akamwambia. "Ungemwendea Idarusi mlangoni kwake siku ya kwanza, mtoto asingejifunza kusema kwa kujificha." Kisha akamwinua Asmahani, akamfuta uso kwa upindo wa kanga yake. "Mwanangu, kudhulumiwa kunauma, najua. Lakini ukiwa na neno na mtu, nenda kwake, mtaje jina, useme na wewe ni nani. Kisasi cha kujificha hakichagui. Wewe ulimtaka Idarusi, kimemliza Mwanamkasi."

Idarusi akaahidi mbele ya wote kwamba jina la Zubeiri hataliandika tena. Shangazi akasema ahadi ni maneno, yeye anataka kuona kazi. Akaagiza birika la maji liletwe. Kunawisha wageni kwetu ni kazi ya watoto, lakini siku ile mtu mzima Idarusi alishika birika, Asmahani akashika beseni, wakapita kwa kila mgeni, mmoja anamimina, mwingine anakinga, hawatazamani. Shangazi alinawa polepole makusudi.

Walipomaliza hapakuwa na nafasi ila kwenye sinia moja la mwisho, karibu na jiko langu. Nikawapakulia nyama nzuri. Shangazi akasema bismillahi kwa sauti, watu wa Tongoni na wa Makorora wakakunja miguu, na Idarusi na Asmahani nao wakaketi, wakala.