Siku Moja Kabla ya Daktari

Mwavita alikuwa hatulii. Alitoka ndani, akasimama kando ya barabara ya Rumonge, akarudi jikoni, akatoka tena. Gari la kwenda Bujumbura lilikuwa halijatokea, na binti yake Sikuzani alikuwa amevaa gauni la safari tangu alfajiri.

Jicho la kushoto la Sikuzani lilikuwa linaingia ukungu. Daktari wa macho alikuja Bujumbura mara moja kwa mwezi. Aliona wagonjwa asubuhi tu, na adhuhuri akaenda zake. Mwezi uliopita walimkosa. Siku ile nayo gari lilichelewa, wakafika daktari ameshaondoka. Muuguzi aliwaambia bila kuzunguka kwamba wakichelewa tena, jicho huenda lisipone.

Bakari, mume wake, alimlaumu dereva. Kwa kawaida, alisema, ukitoka alfajiri unafika kabla ya adhuhuri. Yeye mwenyewe alikuwa akipeleka mawese mjini na kufika mapema, akapata na nafasi ya kunywa chai. Mwavita alikasirika. Hiyo kawaida ya mumewe ilikuwa imewaangusha mara mbili.

Jirani yao Hyacinthe, mtu wa Uvira, alifanya kazi ya kutengeneza barabara. Alikuja kuwapa pole, akawakuta wanagombana. Akaomba makopo matatu matupu na chikichi kavu. Akasema kila siku gari lililotoka Bujumbura alfajiri likifika Rumonge, Mwavita atie chikichi moja. Likifika kabla ya adhuhuri, kopo la kwanza. Likifika kati ya adhuhuri na alasiri, la pili. Likichelewa zaidi, la tatu. Bakari aliuliza kama siku hizi chikichi zinatibu macho.

Mwavita hakucheka. Alitia kila siku. Jua likiwaka, gari lilikuja mbio. Mvua ikinyesha, udongo uliporomoka karibu na Gitaza, na abiria wakashuka kusukuma. Siku nyingine hapakuwa na mvua, lakini gari lilisimama Gitaza kupakia magunia ya ndagala, dagaa wa ziwani, mpaka watu wakakosa pa kuweka miguu. Kila mara kopo la tatu lilipopata chikichi, alimwita Sikuzani akamtazama jicho.

Siku ya daktari ilipokaribia, Hyacinthe alimwaga makopo juu ya mkeka, kila moja fungu lake. Fungu la kwanza lilikuwa kubwa. Bakari akajipiga kifua, akasema si aliwaambia.

"Baba Sikuzani, angalia na hizi zingine," Hyacinthe alisema. "Weye unakumbuka siku nzuri tu. Barabara haiko sawa kila siku."

"Basi tuchukue ya katikati."

"Ya katikati inakufaa na mawese yako. Leo ukichelewa, kesho utawahi. Lakini mutoto iko na siku moja tu. Safari kama hiyo unaipima kwa siku mbaya. Hata siku mbaya, gari ilifika mbele ya usiku. Mutoke siku moja mbele, mulale kule."

Mwavita alielewa papo hapo. Dada yake alikaa Buyenzi, mtaa wa Bujumbura, na nyumba yake haikukosa mkeka wa wageni.

Bakari alinung'unika njia nzima. Barabara ilikuwa kavu siku hiyo, nao wakafika mapema. Alisema wamepoteza siku bure. Lakini usiku mvua ilinyesha sana, na Mwavita hakupata usingizi.

Asubuhi walikuwa wa kwanza mlangoni. Daktari alimpasua Sikuzani jicho, akalifunga bandeji.

Alasiri Bakari alipotoka kununua mkate, aliliona gari la Rumonge ndiyo kwanza linaingia, limejaa matope. Asmani, fundi cherehani wa kwao, alishuka amemshika mkono mama yake asiyeona vizuri. Aliuliza kama daktari bado yupo. Bakari aliona uchungu kumjibu.

"Ameenda," alisema. "Pole, ndugu yangu. Mwezi ujao mutoke siku moja mbele. Nitakufundisha namna ya kupima barabara."

Alisema hivyo kana kwamba ujuzi ule aliuvumbua yeye. Mwavita aliposimuliwa, alimwachia tu. Mwezi uliofuata mama yake Asmani alimwona daktari.

Bandeji ya Sikuzani ilipofunguliwa, mtoto alipepesa macho, akalifunika lile zima kwa kiganja, akamtazama mama yake kwa muda mrefu.

"Mama," alisema, "kumbe kichwa yako iko na mvi."

Mwavita alicheka huku machozi yanamtoka, wala hakuvuta mtandio kuzifunika.