Nusu ya Maneno ya Daktari

Kila alfajiri pale Margilan, Oydin alifagia ua kabla majirani hawajaamka, kama mkamwana anavyotakiwa. Akishafagia, ananyunyiza maji vumbi lilale, anawasha tanuri la mikate, ndipo anamwamsha binti yake Muattar, wa darasa la sita. Mumewe alikuwa Urusi akijenga maghorofa. Nyumbani mwenye kauli alikuwa mama mkwe, Bibi Robiya.

Siku moja Oydin na Muattar walirudi kutoka hospitali, ambako Oydin alipigwa picha ya titi. Oydin alikuwa na uvimbe kwenye titi la kushoto, mgumu kama dengu kavu.

"Mama, daktari anataka nikapigwe picha nyingine mjini Fergana, ya kuchomwa dawa kwanza," alisema Oydin.

"Picha juu ya picha, utadhani bibi harusi," alisema Bibi Robiya, huku akikata karoti za pilau. "Muattar, wewe ulikuwepo. Daktari kasema nini?"

Muattar alijua kwamba mama akienda mjini, ufagio na tanuri vitamwangukia yeye, na wiki ile shuleni walikuwa na mazoezi ya ngoma ya Navruz, sikukuu ya mwaka mpya.

"Kasema kwenye picha haoni kitu," alijibu.

"Mama, hakuishia hapo," alisema Oydin.

"Nyamaza. Unga unakungoja, mgonjwa wetu."

Tangu hapo, kila Oydin alipokaa chini kidogo, bibi aliwaita majirani: "Njooni mumwone mgonjwa asiye na ugonjwa." Walicheka. Muattar naye alicheka, apate kumpendeza bibi.

Baada ya miezi miwili Oydin alishindwa kuinua mkono kubandika mkate tanurini, mkate ukaangukia makaa. "Hata unga umekuchoka," bibi alimwambia. Jioni, akimsugua mama mgongo, Muattar aliona ngozi ya titi imebonyea, ina vishimo kama ganda la chungwa. Akaenda kwa bibi.

"Bibi, nilikata maneno. Daktari alisema nyama ya titi la mama imesongamana sana, picha yote imetoka nyeupe, na uvimbe nao ni mweupe, ndiyo maana hauonekani. Akasema ile dawa itauonyesha."

Bibi Robiya alisema, "Na mimi namfanya kichekesho cha mtaa mzima." Kesho yake alikodi gari yeye mwenyewe.

Huko Fergana Oydin alichomwa dawa mshipani, mwili ukapata joto, titi likabanwa katikati ya vibao vya mashine. Safari hii uvimbe uling'aa.

"Kansa hujivutia damu nyingi, na dawa hii hufuata damu," daktari alieleza. Sindano ikachukua kipande kidogo cha nyama, maabara ikathibitisha kwamba ni kansa.

"Tungekuja siku ile?" Muattar aliuliza.

"Uvimbe ungekuwa mdogo zaidi. Pengine tungeutoa wenyewe tu, titi likabaki."

Lilikatwa. Oydin alitibiwa, akapata nafuu, akarudi nyumbani. Muattar alipokuwa akimbadilishia bendeji, alisema kwa sauti ndogo, "Mama, nisamehe, niliogopa kuikosa ngoma. Lakini sikusema uongo."

"Nimekusamehe," alisema Oydin. "Ila hilo la mwisho usilirudie. Uliyoyasema yalikuwa ya daktari kweli. Uliyoyameza ndiyo yaliyonikata. Ukiulizwa ulichosikia, mwanangu, kitoe chote, hata kama kitakugharimu ngoma."