Nani Mwenye Namba 5?

Saa sita mchana, katika ofisi ya mgodi nje ya Katoro, kompyuta ya Martina ilionyesha mstari usiopaswa kuwepo. Alikuwa amefungua tcpdump, programu inayoandika kila ujumbe unaopita kwenye mtandao. Mstari uliuliza: nani mwenye namba 5? Amwambie 17.

Namba 17 kilikuwa kifaa cha kupima mtikisiko ndani ya duara, yaani shimo la kuchimbia, lililomfukia kaka yake, Masalu, siku arobaini zilizopita. Waya wake ulikatika siku ile. Martina aliivuta ncha yake iliyokatika kwa mikono yake mwenyewe. Namba 5 ilikuwa kompyuta ya meneja Valerian.

Pale msibani Valerian alisema hakupata taarifa yoyote ya hatari. Lakini tcpdump ilikuwa imeiandika siku yote ya ajali. Kabla waya haujakatika, kifaa kiliita mara tisini na moja, na kila mara namba 5 ilipokea.

“Mama Klara, futa hilo faili,” Valerian alimwambia Martina, amesimama kwenye mlango wa chumba chake, kilichopakana na hapo. “Ni kelele za mtandao tu.”

“Masalu ni kelele?”

“Usinitafutie majini kwenye kompyuta.”

“Sijataja jini, bosi. Umelitaja wewe.”

Mstari ukarudi, ukarudi tena, nani mwenye namba 5, nani mwenye namba 5, mpaka kioo kikajaa, na harufu ya udongo mbichi ikaanza kutoka chumba cha Valerian, udongo wa chini kabisa usiojua jua, ikapita mlangoni ikamfunika yeye kwanza, kisha Martina, aliyekuwa ameomba siku arobaini aondolewe hasira na hakuondolewa.

“Chomoa waya wangu,” Valerian alinong'ona.

“Nimeuchomoa tangu asubuhi.” Akamwonyesha ncha yake.

Ndipo mstari ukabadilika: 17 yuko hapa. Mbele yake ilifuata alama ya kiwandani, ambayo kila mashine huwa na yake. Ilikuwa alama ya kompyuta ya Valerian, kana kwamba 17 alikuwa ndani yake.

Chini ya meza yake, chumba cha pili, kitu kikabisha. Mara mbili, kituo, mara moja.

“Kemea, Mama Klara. Wewe ni mtu wa maombi.”

“Jini ningelikemea,” Martina alisema polepole. “Huyu namjua anavyobisha. Miaka yote alibisha hivyo mlangoni kwangu.”

Akahifadhi faili, akalifungua daftari lake la sala.

“Nenda ukamjibu. Mara ile hukumjibu.”