Moraa Avunja Ahadi

Katika likizo ile ya mwaka 2019, Moraa ndiye aliyekuwa wa kwanza kuingia jikoni kila asubuhi nyumbani kwa Anti Kerubo, huko Katy, magharibi mwa Houston. Alikoroga uji wa wimbi, akaumimina katika kikombe kikubwa, kisha akamsubiri kaka yake Sheldon ashuke ngazi. Sheldon alipokuwa akinywa, Moraa alishika kompyuta kibao ambayo Sheldon alipewa na timu yake, yenye mbinu za mchezo, na kumtahini.

"Mpokeaji akikimbia moja kwa moja halafu akakata ndani?"

"Nambana begani, upande wa ndani. Simpi nafasi ya kugeuka."

"Na akitaka kukuhadaa kwa macho?"

"Macho simtazami. Natazama kiuno. Kiuno hakidanganyi," Sheldon alijibu, na wote wawili wakacheka.

Sheldon alicheza mpira wa Marekani, ule unaochezwa kwa mikono, wachezaji wakiwa wamevaa helmeti. Alikuwa beki wa pembeni. Kazi yake ilikuwa kumfuata mpokeaji wa timu pinzani popote aendako na kumzuia asiudake mpira. Aliuanza mchezo huo shuleni kwao Euless, mji wa mbali kaskazini mwa Houston, ambako mama yao aliishi na kufanya kazi ya uuguzi. Akauendeleza chuo kikuu. Lakini siku timu za kulipwa zilipochagua vijana wapya, jina lake halikutajwa. Mama alizima televisheni. Baadaye timu moja ya Houston ilimwita ajaribiwe, ndiyo maana alikaa kwa Anti. Mwisho wa Agosti wachezaji wangepunguzwa, na wengi wangerudi makwao.

Moraa, msichana wa miaka kumi na mitatu, aliomba kila usiku kaka yake asiwe miongoni mwa hao.

Jioni moja Sheldon aliegesha gari nje lakini hakuingia ndani. Moraa alipomfuata, alimkuta ameinama kando ya mlango wa gari, anatapika.

"Ni jua tu," Sheldon alisema. Alikuwa amevaa miwani myeusi, na hata walipoingia sebuleni hakuivua.

Moraa akaleta kompyuta kibao. "Mpokeaji akikata ndani?"

Sheldon alimtazama kama mtu aliyeulizwa swali kwa lugha asiyoijua. Ndipo alipoketi na kushika kichwa kwa mikono miwili.

"Tuligongana vichwa na mwenzangu mazoezini," alikiri. "Niliinuka haraka, hakuna aliyegundua. Moraa, tafadhali, usimwambie Anti. Wala Mama. Timu ikijua nimeumia kichwa itaniweka nje, na atakayewekwa nje wiki hii hatabaki. Niahidi."

Moraa aliyaona machozi yakimtiririka chini ya ile miwani. Hakuwahi kumwona kaka yake akilia. Akaahidi.

Wakati wa chakula, Anti Kerubo alikitazama kiti kitupu. "Mbona kaka yako hali?"

"Amechoka, Anti," Moraa alijibu.

Kesho yake ilikuwa Jumamosi, na timu ilikuwa imepumzika. Kabla ya kwenda kazini hospitalini, Anti Kerubo alimwomba Sheldon aende Alief, kwenye maduka ya Waafrika, akanunue unga wa wimbi. Sheldon hakuweza kukataa bila kueleza sababu. Alichukua funguo, Moraa akapanda kando yake.

Walikuwa kwenye barabara kuu, magari yakienda kasi pande zote, gari lao lilipoanza kuhama njia polepole. Moraa alidhani Sheldon anataka kupita gari la mbele. Kisha akaliona lori kubwa dirishani kwake, karibu sana, honi yake ikilia kwa nguvu.

"Sheldon!"

Sheldon alikata usukani. Gari likayumba, likakaa sawa. Alitoka kwenye barabara kuu na kusimama katika kituo cha mafuta.

"Sikuliona lile lori," alinong'ona. "Lilikuwa hapo tangu lini?"

Moraa alitoa simu. "Nampigia Anti."

"Uliniahidi!"

"Ndiyo, niliahidi."

"Ukimpigia umenimaliza. Usiniite kaka tena maishani mwako."

Moraa alilia hadi asiweze kuona kioo cha simu. Lakini alipiga.

Anti Kerubo alifika akiwa bado na sare za hospitali. Hakumgombeza mtu. Alichukua funguo, akamchunguza Sheldon macho, akamuuliza leo ni siku gani.

"Jumanne," Sheldon alijibu.

Anti alimpeleka moja kwa moja kwa daktari wa timu. Daktari aligundua kwamba Sheldon alikuwa amepata mtikisiko wa ubongo. Alisema wazi kuwa, kama angegongwa tena kabla hajapona, huenda asingeinuka.

Sheldon hakucheza tena mwezi ule. Wachezaji walipopunguzwa, hakuwa miongoni mwa waliobaki. Njia nzima ya kurudi Euless aliugeuzia uso wake dirishani. Nyumbani, Moraa alipompelekea chai, aliiacha ipoe.

"Mama, nimemharibia maisha?" Moraa aliuliza.

"Mpe muda, mwanangu," Mama alimjibu na kumkumbatia.

Wiki zilipita. Maumivu ya kichwa yalipungua, Sheldon akaanza kutembea, kisha kukimbia. Asubuhi moja ya Oktoba alibisha mlango wa chumba cha Moraa.

"Nahitaji mpokeaji wa kufanya naye mazoezi," alisema, akitazama sakafu. "Vaa viatu, twende." Moraa alipotoka, Sheldon akaongeza kwa sauti ya chini, "Nilikukataza kuniita kaka. Nisamehe. Ningetuua sote wawili pale barabarani, na bado nilikasirika na wewe."

"Sikuacha kukuita," Moraa alisema. "Nilikuita kimoyomoyo."

Mwezi uliofuata mabeki kadhaa wa timu waliumia, na Sheldon akaitwa tena Houston. Alianza kama mchezaji wa akiba. Mwezi Desemba aliingia uwanjani kwa mara ya kwanza, Moraa na Mama wakimtazama kwenye televisheni. Aliupiga mpira kwa ncha za vidole, ukamponyoka mpokeaji. Mama alishangilia hadi jirani akagonga ukuta. Lakini muda mfupi baadaye Sheldon aligongwa, akaanguka. Aliinuka, akasimama kidogo. Kisha akainua mkono, akatoka mwenyewe na kwenda kwa daktari. Hakurudishwa uwanjani siku ile. Hata hivyo timu haingemwacha; mwaka 2020 ingempa mkataba mpya.

Siku ile, mbele ya televisheni, Moraa alikuwa ameushika mkono wa Mama.

"Umemwona?" Mama alisema. "Leo hakusubiri mtu amsemee. Kuficha maumivu si ushujaa, Moraa. Na mtu akikuomba umfichie jambo litakalomdhuru, hata kama unampenda namna gani, mtafute mtu mzima umwambie. Atakukasirikia. Lakini angalau atakuwa hai wa kukukasirikia."